GARI LA WAFALME LILILOISHIA KWENYE VYUMA CHAKAVU



Wiki hii picha moja imezunguka sana kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp. Gari la zamani la kufunguka juu, jeupe, boneti ndefu ajabu, na mbele kabisa tembo mdogo amesimama kwa miguu ya nyuma. Chini yake mmeandika, "Napokea!" "Hili ni langu kwa jina la Yesu!" Dada mmoja akaniandikia kando: "Pastor, simama nami. Nimetoa karo ya mtoto kama mbegu kwa mtumishi mmoja wa mtandaoni. Mimi pia nataka gari la kifahari." Ameniruhusu niseme bila kumtaja jina. Mtoto amerudishwa nyumbani.

Siwezi kunyamaza.

Kwanza, sikulaumu kwa kulipenda. Hata mimi nimeirudia picha hiyo mara nne. Ni gari zuri kweli. Mungu ndiye aliyemjaza Bezaleli ujuzi wa kufua dhahabu na kuchonga mbao (Kutoka 31). Mtu akikuambia uzuri ni wa shetani, mwambie arudi akasome Biblia.

Lakini je, unalijua gari unalolipokea?

Linaitwa Bugatti Royale. Ettore Bugatti alilibuni kule Ufaransa miaka ya 1920, akiwalenga wafalme. Injini yake ni lita 12.7. Chukua Probox za lita 1.5, panga nane, na bado hujafika. Urefu wake unapita mita 6, ni refu kuliko matatu ya watu 14. Yule tembo ametokana na sanamu ya Rembrandt, mdogo wake Ettore, aliyefariki mwaka 1916.

Bugatti alipanga kutengeneza 25. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanza kuporomoka. Hakuna mfalme aliyenunua. Nasema tena: gari la wafalme, na hakuna mfalme hata mmoja aliyelinunua! Wateja walikuwa watatu tu.

Hilo la kwenye picha lilinunuliwa mwaka 1932 na daktari Mjerumani. Baadaye akaondoka Ujerumani, akapitia Shanghai, akafika New York na gari lake. Baridi ya huko ikagandisha maji ndani ya injini, injini ikapasuka. Lile fahari likaishia kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Miaka ya 1940 mhandisi mmoja wa General Motors, Charles Chayne, akaliokota na kulitengeneza upya. Leo liko kwenye jumba la makumbusho huko Michigan. Watu wanalitazama tu.

Sasa niambie, umepokea lipi? La mwaka 1932, au lile la kwenye vyuma chakavu? Ni gari moja hilo hilo. Yesu alipotaja kutu katika Mathayo 6, hakuwa anatunga mashairi.

Watumishi wenzangu, hapa nawageukia ninyi. Nani alitufundisha kwamba ushahidi wa upako ni funguo za gari? Absalomu ndiye aliyejitafutia gari, farasi na watu hamsini wa kukimbia mbele yake (2 Samweli 15). Mwisho wake ulikuwa kuning'inia mtini. Mfalme wetu aliingia Yerusalemu juu ya punda, tena wa kuazimwa.

Na nianze na mimi. Wakati fulani niliwaambia mlete picha za magari madhabahuni tuziombee. Nilikosea. Nisameheni.

Utasema, "Pastor, unahubiri umaskini." La hasha! Towashi wa Kushi alikuwa na gari lake, na Filipo hakumwambia aliuze. Alipanda, akaketi naye, akamhubiria Yesu humo humo (Matendo 8). Fanya kazi, weka akiba, nunua gari. Nitakuja kuliombea, na lifti utanipa. Lakini usimpe mtu karo ya mtoto akuuzie ndoto. Huko si kupanda mbegu. Huko ni kuibiwa ukisema amina.

Tena sikia jambo la mwisho. Injini zilizokosa wafalme hazikutupwa. Bugatti alizitia kwenye mabehewa ya reli ya Ufaransa, zikavuta abiria wa kawaida, watu wenye tiketi na mizigo yao. Kilichotengenezwa kwa ajili ya fahari ya watu wachache kikawafaa watu wengi kilipoingia kazini.

Huenda Mungu anakufanyia hivyo. Umelia kwa sababu hakuna aliyekuona kuwa wa thamani, kumbe amekuwekea reli na abiria. Yupo jirani anayehitaji kubebwa leo, hata kwa miguu yako.

Dada yangu, njoo ofisini kesho asubuhi. Mtoto atarudi shuleni, tutachanga. Na kabla hujaandika "napokea" tena, ndugu, jiulize ni nani uliyembeba wiki hii.

Tuombe: Baba, tuondolee tamaa ya kuonekana. Tupe macho ya kufurahia uzuri bila kuuabudu. Walinde wanyonge dhidi ya wanaowauzia jina lako. Katika jina la Yesu, amina.

Kama neno hili limekugusa, lipeleke kwenye kikundi kile kile ulikoiona picha.

Mchungaji wenu.