Msiniambie Walikuwa Wazimu

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa kule Shakahola, Kilifi, Wakenya tumekuwa na maelezo mawili tu: walikuwa wazimu, na ile haikuwa dini. Kwa matatu, kwa TV, kwa bunge za mtaani, stori ni hiyo hiyo. Miili zaidi ya 400, wengi wakiwa watoto, na mjadala ukafungwa hivyo.

Mimi nasema huo ni uvivu, tena uvivu wa hatari.

Kwanza, hilo neno "wazimu" tumelirithi. Mwaka 1945 serikali ya mkoloni ilimfungia Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa huko Bungoma, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alikuwa akiwahimiza watu wakatae kazi za kulazimishwa, wawatimue wazungu na wamrudie Mungu wa babu zao. Mwaka 1948 dini yenyewe ikapigwa marufuku. Kenya ikapata uhuru, na mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena.

Usinielewe vibaya, Masinde na Shakahola ni mbingu na ardhi. Mmoja alidai ardhi na heshima ya watu wake. Kule msituni watu waliambiwa wafunge kula hadi wafe. Lakini tukiwabandika wote jina moja la wazimu, hiyo tofauti inapotea, na hiyo ndiyo tulipaswa kuijadili.

Wanaanthropolojia, hao wanaokaa na watu miezi na miaka wakichunguza imani na mila zao, wana dhambi zao pia. Okot p'Bitek aliwachana bila huruma mwanzoni mwa miaka ya 70, kwamba taaluma yao ilimtumikia mkoloni. Alikuwa na haki. Hata hivyo wana tabia moja nzuri ambayo sisi hatuna: wanauliza kabla ya kuhukumu.

Chukua Evans-Pritchard. Kwenye kitabu chake cha 1937 kuhusu Waazande, anaeleza jinsi ghala la nafaka linavyoweza kuwaangukia watu waliokaa chini yake kupumzika. Waazande wanajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa hiyo hiyo, na kwa nini juu ya hawa na si wengine. Uchawi unajibu swali hilo.

Sasa nenda kesha lolote Nairobi Ijumaa usiku. Utampata kijana ana digrii na hana kazi. Anajua uchumi ni mbaya, mchwa anawaona. Kinachomnyima usingizi ni kwa nini wenzake wa darasa moja wamepata na yeye bado. Mwanauchumi hana jibu la hilo. Mhubiri analo: ni laana ya ukoo, babu yako alijenga madhabahu. Kisha nambari ya M-Pesa inatokea kwa skrini, panda mbegu. Asubuhi huyo kijana anapita bango la mganga kwenye nguzo ya stima na anacheka. Anacheka nini?

Simdharau. Swali lake ni la kweli, na pale kanisani kuna watu wanaomwita kwa jina, wanaomwombea na kumchangia akiumwa. Hivyo ndivyo watu wengi huingia: wakitafuta jibu na jamaa. Waliofika Shakahola waliacha kazi na nyumba, wakaja na watoto wao. Watu hawahami hivyo kwa sababu ya kichaa tu.

Halafu tunaambiwa dawa ni kuwasajili wahubiri. Bana, kanisa lile lilikuwa limesajiliwa! Usajili ulifutwa Mei 2023, makaburi yakiwa yameshafukuliwa. Na mhubiri wake, ambaye kesi yake iko kortini, alikuwa ameshakamatwa 2017 kwa sababu ya mafundisho ya kuwazuia watoto wasiende shule. Karatasi zilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza mambo ya kawaida. Hawa wanakosa nini mpaka wanakuja hapa? Pesa zinaenda wapi? Nani anaruhusiwa kumpinga kiongozi? Mtoto akiugua, nani anaamua apelekwe hospitali? Na mtu akitaka kutoka, anatokaje?

Haya maswali yanafaa kanisa la mabati, kanisa kuu lenye viti vya ngozi, msikiti na hata kwa mganga. Yanafaa la kwako na la mamangu. Kwenye sensa ya 2019, Wakristo na Waislamu pamoja walikuwa zaidi ya asilimia 95 ya Wakenya, kwa hivyo tunajiongelea sisi wenyewe.

Anayesema "walikuwa wazimu" anamaanisha kwamba yeye hawezi kuwa mmoja wao. Basi Jumapili hii aulize hayo maswali kwake, kwa sauti, aone atajibiwa vipi.