Zamu ya Mgonjwa

Huduma kwa watu wanaoishi na magonjwa ya akili nchini Tanzania imezoea kupimwa kwa mambo mawili, dawa na kitanda, na mazungumzo mengi kuihusu huishia pale mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, ilhali hapo ndipo kazi ndefu inapoanza. Toleo hili la jarida linashughulikia kipindi hicho cha baada ya kurudi. Hoja yake ni kwamba ahueni, yaani hali ya mtu kurejea katika maisha yenye kazi, heshima na watu hata kama dalili za ugonjwa hazijakoma kabisa, hujengwa ndani ya uhusiano ambao mgonjwa anapokea na pia anatoa. Akibaki mpokeaji tu, hata katika nyumba inayompenda kwa dhati, huwa ametunzwa lakini hajarudishwa.

Kitomanga, kwenye barabara kuu itokayo Lindi kwenda Kilwa, Kibiti na hatimaye Dar es Salaam, ni mahali panapofaa kuipimia hoja hiyo, kwa sababu mwambao huu uko mbali na hospitali kubwa za akili lakini hauna upungufu wa watu wanaojuana. Kituo cha afya kipo, na mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Lindi mjini katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, lakini Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, safari ambayo familia ya mkulima huifikiria mara nyingi kabla ya kuianza. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Kusini katika maeneo ya Somanga, hata njia ya Dar es Salaam ilifungwa kwa muda, na mtu anayetegemea sindano ya kila mwezi ya kutuliza dalili hana namna ya kuliomba daraja limsubiri. Katika mazingira ya namna hiyo, mama, kaka, jirani, balozi wa nyumba kumi na imamu wa msikiti huwa ndio wodi, wapende wasipende.

Historia ya huduma yenyewe ilianza kwa kutenga. Lutindi, katika milima ya Usambara, iliyokuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, iligeuzwa na wamisionari wa Kijerumani kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na Mirembe ilifuata mwaka 1927 chini ya Waingereza. Baada ya uhuru vilianzishwa vijiji vya ukarabati, ambavyo ni makazi yenye mashamba ambako wagonjwa walilima huku wakiendelea na tiba, kama Vikuruti pembezoni mwa Dar es Salaam. Na katika miaka ya 1980 mpango wa taifa ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na Denmark ulijaribu, katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kuipeleka tiba ya akili kwenye zahanati za kawaida. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo ipo. Mwelekeo, kwa hiyo, umekuwa wa kumrudisha mgonjwa kwa watu wake, lakini watu wake hawakupewa maelezo ya kutosha kuhusu namna ya kumpokea.

Namna ya kumpokea ina uzito wa kitabibu. Katika miaka ya 1950, mwanasosholojia George Brown na wenzake mjini London waliona jambo lililowashangaza: wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au ashike imani ambazo hakuna mwingine anayezishiriki, walirudiwa na ugonjwa zaidi waliporudi kwa wazazi au wenzi wao kuliko walipokwenda kuishi kwa kaka au dada zao au katika nyumba za kupanga. Uchunguzi uliofuata ulieleza tofauti hiyo kwa kile kilichoitwa kiwango cha hisia zinazodhihirishwa, maana yake ni kiasi cha lawama, uhasama na kujiingiza kupita kiasi ambacho jamaa huonyesha wanapomzungumzia mgonjwa wao, na matokeo hayo yamethibitishwa katika nchi nyingi tangu wakati huo. Jambo linalopaswa kuzingatiwa hapa ni la tatu katika orodha hiyo. Mama anayemlisha mwanawe mtu mzima kwa mkono, anayemjibia maswali ya daktari na kulala mlangoni kwake asitoke, hana uhasama hata chembe, na bado anaweza kuwa anamchosha kiasi cha kumrudisha hospitalini.

Miaka ya 1990, mwanaanthropolojia Juli McGruder alizifuatilia kwa karibu familia za Unguja zilizokuwa zikiishi na wagonjwa wa aina hiyo, akaeleza kwamba imani ya pepo na majaliwa ya Mungu, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa kikwazo, ilizipunguzia baadhi ya nyumba lawama, kwa kuwa aliyepandwa na pepo hakuwa amejitakia, na pepo huja akaondoka, na anapoondoka mtu huwa ni yuleyule wa jana. Kutoka Unguja hadi Lindi ni pwani moja kwa mambo mengi: kombe, yaani maji ya aya za Kurani, hunywewa, kisomo husomwa, mganga hufuatwa, na mgonjwa hubaki ndani ya nyumba. Subira hiyo ni mtaji ambao hospitali haiwezi kuununua. Lakini ina upande wa pili usiosemwa sana, nao ni kwamba nyumba inaweza kumvumilia mtu kwa miaka ishirini bila kumwuliza lolote, ikauza shamba lake, ikamwoza binti yake na kugawa urithi wa baba yake huku yeye ameketi barazani akisikia kila neno. Kulaumiwa halaumiwi, na kuhesabiwa hahesabiwi.

Msimu wa ufuta unaonyesha kwa vitendo tofauti kati ya kuvumiliwa na kuhesabiwa. Ufuta hukatwa, hufungwa matita, husimamishwa ukauke, kisha hukung'utwa juu ya turubai na kupepetwa, na kila hatua ina kazi inayolingana na nguvu tofauti. Mtu anayemeza dawa kama klopromazini usiku huamka mzito hadi jua limepanda, na dawa hiyohiyo huifanya ngozi iungue kwa urahisi, kwa hiyo kumwita alfajiri au kumweka shambani mchana kweupe ni kumwonea, na pengine kumpa jina la uvivu ambalo si lake. Mikono inayotetemeka hadi chai ikamwagika haitokani na ugonjwa daima, kwani mara nyingi hutokana na dawa, na mhudumu akielezwa anaweza kupunguza kipimo au kuongeza dawa nyingine ya kuondoa mtetemo; asipoelezwa, mgonjwa huacha dawa kimyakimya ili aweze kushika kikombe mbele za watu. Familia inayoyajua haya humpa zamu ya jioni, ya kukung'uta au kulinda turubai, na kumtarajia afike. Halafu huja swali la mavuno. Ufuta wa Kilwa na Lindi huuzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi vya ushirika vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Lindi Mwambao, na malipo hupitia akaunti ya benki. Mgonjwa ambaye magunia yake yameandikwa kwa jina la kaka yake amefanya kazi lakini hakuuza kitu, na hata kaka akiwa mwaminifu kwa kila shilingi, daftari la ushirika halimjui mdogo wake.

Ramadhani nayo ni mtihani unaorudi kila mwaka. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na jamaa wengi humkumbusha ruhusa hiyo kwa nia njema, lakini kufunga pamoja na watu ni njia mojawapo ya kuonekana mzima, ndiyo maana wapo wanaoacha dozi za mchana ili wafunge bila kumwambia yeyote. Mhudumu anayelifahamu hili huuliza mapema, mwezi wa Shaabani, na inapowezekana kitabibu huzihamishia dozi usiku, baina ya futari na daku. Inaposhindikana, imamu akimkumbusha mgonjwa mwenyewe, faraghani, ruhusa yake ya kutofunga, husikilizwa zaidi ya daktari. Ushirikiano wa imamu, mganga na kituo cha afya unaweza kujengwa hivyo, kwa jambo dogo lenye tarehe, badala ya semina za siku moja ambazo kila mmoja hutoka nazo na posho na msimamo wake wa awali. Mpaka wake pia uwe wazi: kufunga watu kamba au minyororo, desturi ambayo Human Rights Watch iliripoti mwaka 2020 kuwa imekutwa katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo, si jambo la kujadiliwa.

Mifano ya karibu haikosekani. Mradi uitwao Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanywa Muhimbili na Mbeya, uliwakalisha pamoja wagonjwa na jamaa zao katika vikundi vya familia kadhaa, wakajifunza ugonjwa na kutatua matatizo ya nyumbani kwa pamoja. Na mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi la zahanati na kuwasikiliza wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Kusini mwa Tanzania nako kuna vikoba, kuna ushirika, kuna utani unaowaruhusu watu kuambiana ukweli bila kugombana. Mtani anaweza kumwambia mgonjwa kwamba ananuka akaoge, na mgonjwa akacheka na kumrudishia. Hakuna mtaalamu anayeweza kulisema hilo bila kuumiza.

Haya yote hayapunguzi mzigo wa walezi, ambao wengi wao ni wanawake, na ambao usiku wa fujo huwa hawana wa kumwita. Kuwaambia wampe mgonjwa zamu bila kuwapa wao mapumziko, nauli na dawa zisizokatika ni kuwaongezea kazi. Halmashauri zinapaswa kuhakikisha kwamba sindano ya mwezi ipo kituoni mwezi wenyewe, na vyama vya msingi vimruhusu mwenye ugonjwa wa akili aandikishwe kwa jina lake, pamoja na shahidi anayemchagua mwenyewe.

Makala zilizomo katika toleo hili zimeandikwa na wauguzi, walimu na jamaa wa wagonjwa. Hakuna hata moja iliyoandikwa na mtu anayeishi na ugonjwa wa akili, na kwa hoja iliyotolewa hapa, hilo ni pengo la jarida lenyewe. Kurasa za barua za toleo lijalo zimetengwa kwa ajili yao. Anayetaka kusimulia lakini asiyeweza kuandika amtafute wa kumwandikia, na aliyeandika amsomee mwenyewe maneno yake kabla ya kuyatuma.