Waliowaficha Wenzao Wasikilizwe Wangali Hai

Mgeni aingiaye Kinama, upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, hukuta jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea hata hatulioni tena, nalo ni kwamba mitaa yetu imepewa majina ya mikoa ya nchi: kuna Ruyigi na Bururi, kuna Ngozi na Muyinga, kuna Gitega, Muramvya na Bubanza. Tangu mwaka 2025, mikoa 18 ilipounganishwa ikawa 5, mengi ya majina hayo yameondoka katika orodha ya mikoa, na Kinama imebaki kuwa miongoni mwa mahali panapoyahifadhi. Lakini jina peke yake halimpi mtu habari. Mtoto aliyezaliwa na kukulia mtaa wa Ruyigi aghalabu hajapata kusikia yaliyotendeka Ruyigi yenyewe tarehe 24 Oktoba 1993, ilhali habari ile ni katika zile ambazo kila Mrundi alistahili kuzirithi kama anavyorithi kiwanja cha baba yake.

Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na nchi yote imeingiwa na hofu, alipokuwa mwanamke mmoja, Marguerite Barankitse, ambaye wengi humwita Maggy, amewakusanya watu waliokuwa wakisakwa katika nyumba ya askofu wa Ruyigi. Wauaji walipofika walikuwa watu wa kabila lake mwenyewe, nao hawakumwua. Walimfunga kitini, wakawaua mbele ya macho yake watu 72. Katika msiba ule aliweza kuwaokoa watoto 25, na kutokana na watoto hao ikazaliwa Maison Shalom, nyumba iliyokuja kuwalea maelfu ya mayatima bila ya kumwuliza yeyote baba yake alikuwa nani. Mwaka 2016 alikabidhiwa tuzo ya Aurora mjini Yerevan, huko Armenia, na wakati huo alikuwa mkimbizi nchini Rwanda kwa sababu ya machafuko ya mwaka uliotangulia. Dunia imemjua, na haki yake kujuliwa. Ninaloliuliza mimi ni hili: kwa kila Maggy mmoja aliyejulikana, ni wangapi waliotenda kama yeye kwa kadiri ya uwezo wao, wakamficha jirani darini au shambani katika migomba, wakamtoa usiku wa manane na kumvusha mto, kisha wakarudi majembeni mwao wala hakuna aliyewauliza neno?

Wapo watu siku hizi wanaozunguka nchi kutafuta habari za kutia moyo, na jambo lenyewe ni jema. Lakini naona wengi wao huitafuta hadithi ya namna moja tu, ya mtu aliyekuwa fukara akawa tajiri, aliyeanza na kikapu kimoja cha nyanya akaishia na duka la ghorofa. Sina neno juu ya tajiri aliyetajirika kwa jasho lake. Hata hivyo nchi iliyopita katika vita iliyoua watu wapatao 300,000 ina hazina nyingine, iliyo adhimu zaidi, nayo ni ushuhuda wa wale waliokataa kuua na kukataa kutenganishwa walipoamriwa na wenye silaha. Vijana wa seminari ya Buta, huko Bururi, waliingiliwa alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakaamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa, na 40 kati yao wakafa pamoja. Hao walikuwa wanafunzi, umri wao sawa na wa hawa tunaowaona jioni wakirudi kutoka shuleni katika vichochoro vya Kinama.

Wala si kwamba kazi hii haijapata kufanywa. Katika Waswahili, Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy alizikusanya habari za Wakilindi wa Usambara kutoka vinywani mwa watu, akaziandika, na lau si kalamu yake mengi yangalikwisha kusahauliwa. Hapa kwetu, Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995 wakati mtaa wa Kamenge ukihamwa na wengi wa Kinama wakikimbia kuelekea Bubanza na ng'ambo ya mpaka, iliwatuma waandishi wake wazunguke nchi wakitafuta Wahutu waliowaokoa Watutsi na Watutsi waliowaokoa Wahutu, na masimulizi hayo yakasikika redioni katika kipindi cha Inkingi y'Ubuntu. Jambo la hekima katika utaratibu wa studio ile ni kwamba waandishi wa makabila yote mawili walifanya kazi bega kwa bega, kwani katika zama zile kulikuwa na milango ambayo mmoja angefunguliwa na mwenziwe akafungiwa. Watu wakasikiliza. Mtu aliyeaminishwa kwamba upande wa pili wote ni wauaji alisikia kwa masikio yake sauti ya mama wa upande huo akieleza jinsi alivyomnyonyesha mtoto asiye wake, na hotuba ngapi za wanasiasa zingeweza kufanya hivyo?

Ila kazi hii ina adabu zake. Mzee wa Kirundi ukimwuliza habari ya siku moja hataianza siku hiyo. Ataanza na jina la kilima alichozaliwa, na nani alikuwa jirani, na ng'ombe yupi alitolewa mahari, na mtu asiye na subira hudhani kwamba mzee amepotea njia, kumbe anaijenga nyumba ambamo tukio litaingia. Mtafutaji anayetazama saa yake hatapata kitu. Nilipata kukaa na mama mmoja muuza ndagala katika soko la hapa Kinama, ambaye nilidokezwa kwamba wakati wa vita aliwaweka watoto wa jirani chini ya kitanda chake. Nilipomgusia habari ile, akanyamaza, akaendelea kuzipanga zile ndagala mafungu mafungu juu ya turubai, fungu kwa fungu, akipunguza huku na kuongeza kule mpaka yakawa sawasawa, ndipo akaniambia, «Wale waliokuja kuwatafuta watoto wangali wapita hapa, mwanangu. Wengine hununua kwangu.» Sikumwuliza tena. Nasema kwa yakini kwamba ye yote atakayeibeba kalamu au kinasa sauti kwenda vilimani sharti alijue hilo kabla ya kujua lingine lolote: wema wa mtu huyu ni hukumu juu ya jirani yake aliye hai, na kuutangaza bila ya idhini yake ni kumtia hatarini aliyekwisha kujitia hatarini kwa ajili ya wengine. Jina lake ni amana, na akitaka lifichwe, lifichwe.

Wapo watakaosema kwamba kufukua mambo haya ni kutonesha vidonda. Nawaheshimu, kwani wengi wao wana makaburi nyumbani. Lakini vidonda vinafukuliwa tayari, na tena kwa majembe: mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua huko Karusi, karibu na mto Ruvubu, mabaki ya watu zaidi ya 6,000 waliouawa mwaka 1972. Naona ni haki wafu wale watambuliwe na kuzikwa kwa heshima. Basi ikiwa tunawaonyesha watoto wetu mafuvu, je, tutawanyima habari ya mikono iliyojaribu kuyazuia mauaji? Na katika mambo haya mawili lililo la haraka ni hili la pili, maana mifupa imesubiri ardhini nusu karne na ingeweza kusubiri zaidi, ilhali aliyekuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1972 sasa amepita 80, na aliyekuwa na umri huo mwaka 1993 amepita 60. Kila msimu wa mvua tunazika shahidi.

Na yaliyokwisha kukusanywa nayo hayana salama ya milele. Katika siku za jaribio la mapinduzi, mwezi Mei 2015, vituo vya redio, Isanganiro na Bonesha na RPA miongoni mwao, vilishambuliwa na vyombo vyao kuharibiwa, na ye yote aliyeona yale alifahamu kwamba sauti iliyowekwa mahali pamoja yaweza kupotea kwa usiku mmoja. Kwa hiyo naomba kila simulizi iwekwe nakala zaidi ya moja, na moja irudishwe kilimani ilikotoka, kwani si insafu kijiji kitoe habari yake kisha watu wake wasiisikie kamwe, ikawa inasikilizwa Ulaya tu.

Nani wa kuifanya kazi hii? Mimi nawaona karibu. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichofunguliwa mwaka 1993 na wamisionari Waksaveri kwa ajili ya vijana wa mitaa ya kaskazini, yetu ikiwamo, kilidumu kuwakutanisha vijana wa pande zote wakati mitaa yao ilipokuwa ikipigana, hata mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood. Vijana waliozoea kukaa pamoja namna hiyo wana lugha zote zinazohitajika, Kirundi cha vilimani na Kiswahili cha sokoni, na karibu kila mmoja ana shangazi au babu mkoani. Wapewe nauli, wapewe vinasa sauti, wafunzwe kunyamaza mzee anaponyamaza, kisha watumwe wawili wawili, wa Ruyigi ya Kinama waende Ruyigi, na wa Bururi waende Bururi. Waanze na wazee wa mwaka 1972, kabla ya masika.