Acheni Kuwaita Wakimbizi

Tarehe 20 Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa, watu wa kiongozi Zwangendaba walivuka mto Zambezi wakielekea kaskazini. Walikuwa wamevikimbia vita vya Shaka, mfalme wa Wazulu, kusini mwa Afrika, na njiani kote walipigana na kuteka. Zwangendaba alifia Ufipa katika miaka ya 1840, jamaa zake wakagombea ukubwa, na baadhi ya makundi yakashika njia mpaka nchi ya Songea. Hao ndio Wangoni.

Si haki kuipamba safari ile. Vijiji vilichomwa, na wengi waliingia Ungoni wakiwa mateka. Lakini mateka hao walioa na kuolewa, wengine wakapanda vyeo jeshini, na watoto wao wakaitwa Wangoni kama wengine. Akina mama waliwalea kwa lugha zao wenyewe. Ndiyo maana Kingoni cha Songea leo kiko karibu zaidi na Kimatengo, lugha ya wenyeji, kuliko Kizulu. Wahehe, waliopigana nao vikali, sasa ni watani wao. Tena Vita vya Maji Maji vilipowaka, Wangoni walimwaga damu kuitetea nchi ambayo wazee wao waliiingia kwa mkuki. Jemadari wao, Nduna Songea Mbano, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na mji unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Nani atathubutu kumwambia Mngoni arudi kwao?

Basi swali hilo na liulizwe pia Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Warundi walioyakimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi huko, wakafyeka mapori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Zaidi ya 160,000 wamepewa uraia wa Tanzania, na wengi wao wamezaliwa papa hapa. Hawa hawakumchomea mtu nyumba. Hata hivyo wapo wanaoendelea kuwaita wakimbizi, na mtoto aliyezaliwa Mishamo hulisikia neno hilo kabla hajajua Burundi iko upande gani.

Neno hilo likome. Viongozi wa vijiji wawe wa kwanza kulikataza mikutanoni, wazazi wasilitamke mbele ya watoto, na walimu waifundishe safari ya Wangoni na ile ya watu wa Mishamo katika somo moja la historia ya Tanzania.