Mhitaji aulizwe kwa lugha anayoielewa

Ni jambo la kuhuzunisha kwamba kila tunapojadili ufadhili wa elimu ya juu nchini, macho yetu hukimbilia vyuo vikuu, nao vijana wa vyuo vya kiufundi wakaachiwa makombo ya mjadala. Ilhali baadhi ya vyuo hivyo vilitokana na jasho la wananchi wenyewe. Wazee wetu hawajasahau jinsi katika miaka ya 1970 michango ya harambee ilivyosimamisha RIAT kule Kisumu, KIST kule Kiambu na WECO kule Kakamega, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Siku hizo mhitaji alijulikana kijijini kwa jina lake na la babake. Leo anajulikana kwa fomu aliyoijaza.

Kuanzia mwaka 2018, Serikali ilimlipia mwanafunzi wa chuo cha kiufundi cha umma shilingi 30,000 kwa mwaka, katika karo ya shilingi 56,420. Kiasi kilichosalia kikawa mzigo wa mzazi, au mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Mwana wa tajiri na mwana wa maskini walipewa ruzuku ile ile. Ndipo Mei 2023 ukatangazwa mfumo mpya: kila mwombaji apimwe hali ya jamaa yake, apangwe katika kundi, na fungu lake la msaada na la mkopo litegemee kundi hilo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Mawakili wana yao ya kusema. Mimi ni mwanaisimu, na linalonikera ni maneno.

Sisemi kwamba kumpima mhitaji ni kosa. La hasha! Kuwagawia sawa wasiokuwa sawa si haki. Lakini je, tunampima kwa mizani gani?

Miaka michache iliyopita nilimsaidia kijana mmoja kutoka Kilifi, aliyekuwa akisomea uunganishaji wa umeme, kujaza fomu ya mfuko mmoja wa basari. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Swali la kwanza lililotushinda lilihusu mapato ya mzazi kwa mwezi. Kijana alilelewa na nyanya yake, muuzaji nazi, basi akampigia simu. Nyanya akauliza: "Mwezi gani?" Swali lake lilikuwa na maana kuliko la fomu. Nazi huanguliwa kila baada ya miezi kadhaa. Mwezi wa kuangua kuna fedha, mwezi unaofuata kuna deni la dukani. Kijana aliandika mapato ya mwezi wa kuangua, kwa kuwa ndiyo aliyotajiwa. Akahesabiwa kuwa mwenye uwezo.

Likafuata swali la ndugu. Kiingereza cha fomu kilikusudia watoto wa baba na mama mmoja. Nyumbani kwao, ndugu ni pamoja na wana wa baba mdogo wanaokula katika sufuria moja na kulala juu ya mkeka mmoja. Akiwahesabu, ataonekana mwongo. Akiwaacha, jamaa itaonekana ndogo na yenye nafasi. Na neno "mzazi" je? Mama yu hai, ameolewa kwingine, hajatuma hata senti. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi. Basi kwa nini mzazi aliyeishia darasa la nne aulizwe umaskini wake kwa lugha ambayo lazima atafsiriwe na mtoto wake, au na kijana wa saiba anayelipwa kwa kila ukurasa?

Najua jibu litakalotolewa: kwamba zamani basari ziligawanywa na watu, na watu hao wakawagawia shemeji zao. Ni kweli tupu. Barua ya chifu imemwokoa yatima, na barua hiyo hiyo imemnufaisha mwana wa mwenye matatu tatu. Kwa hivyo sitaki kompyuta itupwe. Nataka fomu iandikwe kwa Kiswahili sanifu chepesi, na wanaokijua wapewe kazi hiyo badala ya kuachiwa mashine ya kutafsiri. Nataka iulize mapato ya mwaka mzima, msimu kwa msimu, na iulize ni nani anayekula katika nyumba hiyo. Tena asiyeridhika asikilizwe na kamati iliyo katika chuo chake, wakiwamo mwalimu wake na mwakilishi wa wanafunzi, na jibu litolewe kabla ya muhula kwisha, kwa maandishi yenye sababu. Walimu wa vyuo vya kiufundi wanajua ni nani hushinda na chai kavu hadi jioni. Hakuna aliyewauliza.

Kijana wangu aliandika barua ya kulalamika, akangoja. Muhula wa pili aliondoka chuoni. Sasa anaendesha bodaboda huko Mariakani, pikipiki ya mwenyewe ikimdai kila jioni, na vitabu vyake vya umeme viko kwa nyanya.