Utabiri wa msimu mpya: Karema bingwa, lakini elfu kumi yako ibaki mfukoni



Dirisha la usajili la ligi yetu ya kompyuta limefungwa juzi usiku, na tangu hapo simu yangu haipumui. Kila mtu anataka kujua timu yake nimeipa nafasi ya ngapi. Haya, leo nimemaliza kudesa mapema, naandika. Nitatoa utabiri wa timu zote nane kwa asilimia, halafu nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda: lile wazo la kila timu kuweka elfu kumi mezani tuliache. Sababu zangu zimo humohumo kwenye utabiri, kwa hiyo usiruke aya ukakimbilia timu yako tu.

Kwa marafiki mnaosoma mkiwa mbali na Mpimbwe, niwaeleze kidogo. Mchezo wenyewe unaitwa Basketball GM, aliutengeneza Jeremy Scheff, na ni wa bure. Huchezi kikapu kwa vidole, wewe ni meneja: unasajili, unabadilishana wachezaji, unapanga mishahara, kisha kompyuta inacheza mechi yenyewe. Uzuri wake kwa sisi wa huku ni kwamba ukishafunguka kwenye kivinjari unaendelea hata bando likikata. Tuko wanane, kompyuta moja ya mshkaji mmoja, na kila mtu amechukua jina la sehemu ya Katavi. Wachezaji wote ni wa kubuniwa na mashine. Kila timu inacheza mechi 42, nne za juu zinaingia nusu fainali, na kuanzia hapo anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayesonga.

Sasa twende kazini.

1. Karema, asilimia 28. Mnacheka? Misimu miwili iliyopita huyu jamaa aliuza staa wake pekee, akapewa vijana watatu na nafasi ya kwanza ya drafti. Tulimtania wiki nzima. Wale vijana sasa wana miaka 23 na 24, wanapanda kila msimu, na mishahara yao bado ni ya kitoto. Dirisha hili amesajili mtu mmoja tu, mlenga pointi tatu wa benchi. Hakuna kelele, hakuna picha kwenye grupu. Usajili mzuri mara nyingi unaboa kuutazama.

2. Mpanda, asilimia 21. Bingwa mtetezi. Kamleta mfungaji bora wa ligi, kampa mkataba wa miaka minne, na kwa ajili yake katoa nafasi mbili za drafti. Tatizo ni kwamba mfungaji ana miaka 31, na kwenye mchezo huu mtu akishavuka 30 namba zake zinaanza kushuka ngazi. Msimu huu atatisha. Msimu wa tatu wa mkataba atakuwa anakula mshahara akiwa benchi. Mji wetu wa Mpanda wenyewe uliletewa reli kutoka Kaliua, kilomita 210, kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa, na bahati nzuri reli ikabaki na watu wakaitumia. Kaka yangu wa Mpanda, wewe mgodi wako ukifungwa utabaki na reli gani? Drafti umeshaziuza.

3. Sitalike, asilimia 18. Timu yangu. Nimemwongezea mkataba mchezesha timu wangu wa miaka 26, basi. Dirisha zima nimetulia kama kiboko wa Mto Katuma wakati wa kiangazi, macho juu, mwili kwenye tope. Sijipi zaidi ya hapo kwa sababu senta wangu ni mwembamba, ribaundi zitatuumiza.

4. Inyonga, asilimia 14. Hawa wanaishi kama nyuki wa kwao. Hakuna staa, ila wachezaji kumi wote wanajua kazi, na mishahara iko chini ya ukomo. Watashinda mechi nyingi za kawaida. Kwenye nusu fainali, pale pointi moja inapotafuta mtu wa kuifunga, ndipo nawahofia.

5. Usevya, asilimia 9. Wao walichagua wa pili kwenye drafti, wakachukua senta mrefu kuliko wote ligini. Nitamrudia huyu.

6. Majimoto, asilimia 5. Kila msimu wanachemka, halafu wanapoa. Wamevuka ukomo wa mishahara, wanalipa faini, na mmiliki wa timu, ambaye ni kompyuta, ameanza kununa. Meneja anaweza kufukuzwa kabla ya msimu ujao.

7. Mishamo, asilimia 3. 8. Mwese, asilimia 2. Madogo wa mwaka wa kwanza. Timu zao zimeanzishwa msimu huu, wakaruhusiwa kuokota wachezaji ambao sisi sita hatukuwalinda. Yaani wana mabaki yetu. Kwa hali hiyo Mishamo kafanya vizuri mno, kaokota mabeki wawili vijana ambao baada ya misimu mitatu watatuliza. Sasa hivi lakini, ni kazi.

Huo ndio utabiri. Nimeutoa kwa asilimia makusudi, kwa sababu mtu ukimwambia "Karema bingwa" anasikia uhakika. Asilimia 28 maana yake ni kwamba katika misimu 100 ya namna hii, Karema anakosa kombe mara 72. Yule ninayemwona bora kuliko wote ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukosa kuliko kupata.

Mwenye kubisha achukue hesabu hii. Tuseme kuna timu noma kabisa, inayoshinda mechi 6 katika kila 10 dhidi ya timu yoyote. Nafasi yake ya kutangulia kushinda mechi nne ni kama asilimia 71. Lakini kombe linataka avuke nusu fainali na fainali, mara mbili. Zidisha 71 kwa 71, unapata kama asilimia 50. Timu noma kabisa, na bado ni shilingi iliyorushwa juu! Karema hata hiyo hajaifikia.

Na huko kwenye kikapu cha kweli mambo ni hayohayo. Msimu wa 2015/16 Golden State Warriors walishinda mechi 73, wakapoteza 9 tu, rekodi ya NBA. Fainali wakaongoza 3 kwa 1. Wakafungwa tatu mfululizo na Cleveland, kombe likaondoka.

Turudi kwa senta wa Usevya. Juzi wamesimama wanajisifu eti urefu haufundishwi. Ni kweli, haufundishwi. Lakini mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, nafasi ya pili ya drafti. Alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa mmoja wa walinzi bora wa vyuo vyote Marekani, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Heshima yake haifutiki, mimi mpaka leo najivunia. Ila tazama foleni iliyokuwa nyuma yake: wa tatu James Harden, wa saba Stephen Curry. Hata Blake Griffin aliyechukuliwa wa kwanza aliumia goti, akakosa msimu wake wote wa kwanza. Wale walikuwa na maskauti wanaolipwa, video na madaktari wa kupima mpaka kifundo cha mguu. Bado wakapishana na Curry mlangoni mara sita.

Mchezo wetu umeiga hilo. Namba za wachezaji wa drafti unazoziona kwenye skrini zina ukungu, kompyuta inakuficha ukweli kidogo kwa makusudi. Huyo senta anaweza kuwa mfalme, anaweza kuwa mti. Hakuna anayejua, na Usevya hajui pia.

Sasa tuje kwenye pesa.

Wazo linalozunguka ni kwamba bumu likiingia, kila timu inaweka 10,000, jumla 80,000, bingwa anabeba zote. Watu wanasema ni haki kwa sababu wote tunatoa sawa. Hapa ndipo nasimama.

Katika 80,000, kila asilimia moja ya nafasi yako ina thamani ya shilingi 800. Zidisha mwenyewe. Tiketi ya Karema inakuwa na thamani ya 22,400. Ya Mpanda 16,800. Yangu 14,400. Ya Inyonga 11,200. Kuanzia hapo inageuka: Usevya 7,200, Majimoto 4,000, Mishamo 2,400, Mwese 1,600. Wote wameuziwa kwa 10,000! Ukitaka elfu kumi yako iwe na thamani ya elfu kumi unahitaji nafasi ya asilimia 12 na nusu, na timu nne hazina.

Kwa maneno mengine, dogo wa Mwese anaombwa atoe elfu kumi anunue kitu cha elfu moja na mia sita, na tofauti inatuangukia sisi wakubwa tuliompa mabaki. Kwa hesabu hiyo mimi ningefaidika, na ndiyo maana nadhani naruhusiwa kulisema bila kuambiwa nina wivu.

Halafu hiyo elfu kumi si "elfu kumi tu". Fedha ya chakula na malazi kwa wenye mkopo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo mezani tunaweka siku nzima ya mtu ya kula na kulala. Wapo ambao bumu lao tayari linagawanywa na mdogo wake aliyeko sekondari. Dogo wa aina hiyo hatakwambia hana. Ataweka, maana hakuna anayetaka kuonekana mshamba mwaka wa kwanza, kisha atakula mara moja kwa siku.

Kuna wanaosema bila pesa hakuna msisimko. Jamani, msimu uliopita tulikuwa na pesa gani? Fainali ya mchezo wa saba watu walikuwa wamesimama juu ya vitanda, mwenye nyumba akagonga ukuta. Msisimko tunao, haujawahi kupungua.

La mwisho ni zito zaidi kwangu. Ligi yote inakaa kwenye faili moja, kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Faili hilo linaweza kuhifadhiwa kabla ya fainali, na matokeo yasipopendeza likarudishwa, fainali ikachezwa upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Mshkaji hawezi kufanya hivyo, wote tunamjua. Anatuazima mashine yake bure, hata wiki ya mitihani. Lakini siku kukiwa na 80,000 na timu yake ikashinda kwa pointi moja, kuna mtu atanong'ona. Hata kama hakuna kilichofanyika, mnong'ono hauna faili la kurudisha. Tutakuwa tumempa kesi mtu aliyetupa mchezo.

Na tusijidanganye kwamba itaishia elfu kumi. Mikeka tunaijua wote, inaanza na mia tano.

Pendekezo langu ni jepesi. Bingwa anapumzika zamu ya kupika na kuosha vyombo wiki nzima, na aliyeshika mkia anaongezewa zamu. Ila kwa Mishamo na Mwese adhabu ya mkia isihesabiwe msimu huu, timu zao ni changa. Nao wapewe nafasi mbili za kwanza za drafti ijayo, bila bahati nasibu, ili msimu ujao watufunge kwa haki. Ligi ikiwa na timu nane zinazoweza kushinda ndiyo inanoga. Ikiwa na timu nne za kula na nne za kuliwa, madogo watachoka kabla ya likizo, tubaki sisi sita na mabaki hatuna tena wa kumpa.

Tupige kura Jumamosi kabla ya mechi ya kwanza. Mimi kura yangu mnaijua.

Na Mwese akichukua kombe na asilimia zake 2, mje mnicheke, ruksa. Nilisema mbili, sikusema sifuri.

Naomba kuwasilisha.