Siri ya Mtu Siyo Ubuyu wa Kumwaga Kwenye Grupu

Kila kukicha mtandaoni mtu anatupia fumbo, "yule staa naye ni wale wale", na wadau wanashuka na majina. Wanaita ubuyu. Sasa jina hilo liwe la kijana wa Tunduma, mji ambao ukipiga chafya Mpemba, Sogea washasikia.

Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, alijitangaza Januari 2014 kwamba anapenda wanaume wenzake. Siku alichagua mwenyewe, maneno akachagua mwenyewe. Aliandika kama anamwambia mama yake, ambaye alifariki mwaka 2000. Yaani jamaa mwenye jina dunia nzima, na bado mama hakuwahi kuambiwa akiwa hai!

Wa Tunduma akianikwa na rafiki hachagui chochote. Baba anapata skrinishoti kabla mtoto hajafungua mdomo. Na siyo aibu tu: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 mpaka maisha, na ukivuka Nakonde sheria ya Zambia nayo haina utani. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule aliomba wananchi wamtumie majina. Serikali ikasema huo ni msimamo wake binafsi, lakini meseji alisema zilishamiminika. Nani alizituma? Huenda ni majirani, maeksi, mabesti waliogombana.

Kwa hiyo besti akikuambia leo, futa hiyo chati. Na usimnong'oneze hata shemeji.